Mzee Asiye na Ndugu Dar

Buganguzi,
Muleba,
Kagera.

28 Novemba 2024

Mpendwa Dada Kokushubila,

Shikamoo, dada. Naanza na shikamoo hata kama hutaki kuiitikia, maana hiyo ni haki yako. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokutumia Judica imesaidia, au bado unapanda ngazi za kanisani umeshika ukuta? Na Annastella, mjukuu wetu, kikohozi kimeisha? Mwambie babu yake wa huku anamuulizia, ila mengine usimwambie.

Sisi huku ni wazima. Mvua imekubali, maharage yamefunika ardhi, na yule ng'ombe mwekundu uliyempa jina la mwalimu wako wa darasa la tatu amezaa ndama jike. Mke wangu Judica hajambo, ingawa siku hizi ananipa chakula bila kunitazama. Nancy hajambo pia, lakini habari zake nitazieleza mbele, kwa sababu ndizo zilizonishikisha kalamu.

Nimekupigia simu wiki nzima. Inaita, inaita, inakatika. Sikulaumu. Ningekuwa wewe nisingepokea, tena ningeizima kabisa. Ndipo nikaona niandike kama tulivyokuwa tunaandikiana zamani, maana barua inaweza kukusubiri mezani mpaka hasira ipoe. Ameibeba Mustapha wa Hamugembe, yule anayefuata nguo za duka lake Kariakoo. Nimemwomba akukabidhi mkononi, na asikae kusubiri majibu.

Dada, yule mzee kwenye picha ni mimi.

Najua unajua. Ulimtumia Nancy ile picha kwenye simu, ukaandika chini yake: "Muulize baba yako huyu mzee ni nani. Amefanana na mdogo wangu, ila huyu wanasema hana ndugu Dar." Nancy aliisoma kwa sauti pale sebuleni akidhani ni utani wako wa kawaida, na mama yake akaanza kucheka. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nikainamisha uso ndani ya kikombe kama mtu aliyedondosha kitu humo. Nancy aliponiona nilivyokaa, akaacha kusoma, na Judica akaacha kucheka.

Nataka nikusimulie ilivyokuwa tangu mwanzo. Sijitetei. Nilichofanya hakina utetezi, na nimejaribu kuutafuta nikipalilia, nikikamua, hata nikiwa kwenye ibada, sikuupata. Ila nimeona ni heri uyasikie kwangu yote, na yale ambayo picha haikuonyesha, kuliko kuendelea kuyaunganisha mwenyewe.

Unakumbuka nilikwambia kwamba kikundi chetu cha wakulima wa vanila kimenichagua nipeleke sampuli kwa mnunuzi huko Dar. Nikakwambia nitakuja mwezi huu, siku siitaji, nitakushtukiza. Ulicheka sana. Ulisema mtu wa umri wangu ambaye hajawahi kuvuka Mwanza hawezi kumshtukiza mtu Dar, atapotea kwanza, atatangazwa redioni. Kisha sauti ikabadilika, ukasema hutaki zawadi ya dukani. Unataka ebitoke, ndizi zetu za kupika, zile za nyuma ya kaburi la mama, na senene wa mwaka huu. Basi.

Nilizikata mwenyewe, mkungu mmoja mzima, ule ulioegemea upande wa kaburi. Niliufunga kwa majani makavu nikaukaza kama alivyokuwa anafunga baba. Senene aliwatengeneza Judica. Aliwachambua mabawa, akawakaanga polepole mpaka wakakauka vizuri, wakajaa lile kopo kubwa la maziwa ya unga. Akaongeza na kifurushi cha akamwani, kahawa ya kutafuna, ili mtu akipita kwako umpe punje mbili tatu na yeye ajue kwamba umetembelewa na watu wa nyumbani. Hayo unayajua kuliko mimi. Kwetu mtu haingii kwa dada yake akiwa ananing'iniza mikono.

Mambo yaliharibika njiani, mbele kidogo ya Singida. Basi lilizimika mchana wa jua kali. Fundi aliitwa, akasema anakuja, akawa anakuja hivyo hivyo. Watoto walianza kulia njaa na wakubwa wakaanza kugombana na kondakta. Kando ya barabara palikuwa na mama mmoja akichoma mahindi, lakini mahindi yakamwishia upesi, moto ukabaki bure.

Mimi nilikuwa nimekaa kivulini na kopo langu mapajani. Nililifungua nimwonje senene mmoja tu. Kijana niliyekaa naye kiti kimoja, mtu wa Tanga, akatoa macho akasema, "Mzee, unakula panzi?" Dada, unatujua sisi Wahaya tukiguswa senene. Nilisimama. Nikamweleza kwamba kwetu hao si panzi, ni heshima, na kwamba mke anayemjali mume wake humfungia hao, na kwamba mfalme alikuwa analetewa hao. Nikamwekea kiganjani. Akafumba macho, akatafuna, akafumbua, akanyoosha tena kiganja. Watu wakacheka, wakasogea. Mwingine akaonja, na mwingine.

Nikapanda kichwa. Siwezi kusema vinginevyo. Wakaanza kuniita Mzee wa Bukoba, nami nikaitikia kama jina la ubatizo. Nikasema kwa sauti kwamba kwetu mtu hali huku mwenzake anamtazama, wakanipigia makofi. Ndipo nikamwambia kondakta afungue buti. Nikautoa mkungu, nikaukata kata, ndizi zikawekwa kwenye ule moto wa mahindi. Niligawa kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwauliza wenye watoto kama wametosheka. Hata akamwani niligawa, nikiwafundisha namna ya kuitafuna taratibu bila kuitema. Kila nilipochota senene nilijiambia, wa dada watabaki. Nilijiambia hivyo mpaka kucha zikakwaruza chini ya kopo.

Hapo katikati sikumkumbuka mama hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Ndizi zilizotoka ubavuni mwake zililiwa na watu ambao sijui hata majina yao, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nasifiwa, nimevimba. Basi lilipowaka tuliendelea na safari wote wakiwa marafiki zangu. Tulipofika Mbezi kila mmoja alichukua mzigo wake akaenda zake, hata yule wa Tanga hakuniaga.

Nikabaki kituoni na begi la nguo, bahasha ya vanila, na kopo tupu.

Nancy alikuwa amenielekeza vizuri. Alisema kutoka pale hadi kwako si mbali, nipande gari la kwenda Kimara, nishuke penye duka la dawa, niulize kwa Mama Kokushubila, kila mtu anakujua. Makondakta walikuwa wanaita Kimara kila upande. Nilisimama pale nikiwaacha wapite. Nilikuwa najiona mlangoni kwako, wewe unanivua begi, unatazama nyuma yangu kuona mzigo uko wapi, kisha unajifanya hukutazama. Niliwaza mara zote ulizokuja nyumbani, hata ule mwaka ulipokuja na homa, hujawahi kushuka kwenye gari bila kitu cha kila mtu, mpaka cha yule mlinzi wa kahawa. Niliwaza kwamba Nancy alilala kwako miaka yote ya chuo cha uuguzi, na hakuwahi kujua bei ya chumba mjini. Miguu ikakataa.

Basi nikajipa mpango. Nitalala gesti usiku mmoja, nimalize habari za vanila, nitafute senene sokoni, maana nilisikia huko Dar wanauzwa, ndipo nije kwako kama mtu. Nakuapia huo ndio ulikuwa mpango.

Sasa nikaanza kutafuta pa kulala katika mji nisioujua. Dada, ucheke ukitaka, hapa unaruhusiwa. Hoteli ya kwanza niliyoingia ilikuwa na mlango wa kioo unaojifungua wenyewe; nilisogea pembeni nikidhani kuna mkubwa anatoka. Binti wa mapokezi alinitajia bei, nikamuuliza kwa adabu kama hiyo ni ya mwezi. Akaniangalia kwa huruma akasema, ya usiku mmoja baba, na kifungua kinywa kimo. Nikamwambia mimi asubuhi huwa sili sana. Nikatoka, ule mlango ukajifungua tena bila kuulizwa.

Ya pili niliipata Manzese, ilikuwa nafuu kweli, lakini ukuta wake mmoja ni wa baa, na spika ya baa imeegemezwa hapo hapo penye kichwa cha kitanda. Ya tatu chumba hakikuwa na dirisha, na feni ilizunguka ukiisukuma kwa mkono. Mwenyewe aliniambia ikishaanza haisimami. Nilitembea mpaka kiatu kikaachia soli. Mpaka jioni nilikuwa nimejua kwamba vyumba vya kando ya barabara kubwa ni ghali na vya ndani mtaani ni nafuu, kwamba ukisema chumba cha feni na choo cha nje wanashusha, na kwamba uombe kukiona chumba kabla hujatoa hela. Ni elimu nzuri, ila mtu mwenye dada mjini hana haja nayo.

Nikaipata moja Sinza, ndani ndani, nyumba ya kawaida iliyoongezwa vyumba uani, safi, imepandwa maua kwenye ndoo za rangi. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mnene wa haki, mwenye sauti ya kuamrisha. Nilipomwamkia tu na kuomba chumba, akaitambua lafudhi yangu ya Kihaya, akapiga makofi.

"Waitu! Wewe ni wa kwetu kabisa. Umetoka wapi?"

Nikaogopa kwamba nikisema Buganguzi atauliza kwa nani, na akishauliza kwa nani atafika kwako. Nikasema natoka Ijumbi.

"Na mji wote huu huna ndugu hata mmoja wa kukupokea?"

"Sina," nikasema.

"Hata wa ukoo?"

"Hata mmoja."

Ndivyo nilivyosema, dada. Hakunilazimisha mtu, wala hakunishikia kisu. Nilikuwa nimechoka, nataka chumba, na nikaona neno hilo ni fupi kuliko kueleza habari za kopo. Mama huyo, ambaye sasa unajua ni Immakulata, alinisikitikia mpaka nikaona haya. Alisema mtu mzima wa kwetu kulala gesti kama mchuuzi wa ng'ombe ni aibu ya Wahaya wote wa Dar, akanipunguzia bei, akaniletea na maji ya moto ya kuoga. Nikayaoga.

Kesho yake mnunuzi wa vanila akaniambia njoo kesho. Nilizunguka masoko mawili kuulizia senene. Mmoja alisema walikuwepo wiki iliyopita, mwingine aliniuliza ndio nini. Nikarudi Sinza mchana nimeinamisha kichwa, nikamkuta Immakulata amenipikia. Alikuwa ameweka ebitoke na maharage, vimefunikwa kwa jani la mgomba kabisa, sijui alilipata wapi. Alisema mgeni asiye na mtu lazima apikiwe na mtu. Nikanawa, nikaanza kula, na ndipo aliposema lile.

Alisema katika chama chao cha Wahaya wa Dar kuna mwenzao mmoja wa Kimara, Dada Kokushubila, anamngoja mdogo wake kutoka Buganguzi. Ametandika kitanda. Amenunua neti mpya. Kila gari likisimama nje anatoka kuchungulia, na kwenye mkutano wa Jumapili alikataa kukaa mpaka mwisho, asije mgeni akakuta mlango umefungwa. Akacheka, akasema, "Wewe angalau, waitu, huna wa kukusumbukia."

Nikasema, "Ni kweli."

Tonge lilikuwa mkononi. Nililimeza. Wakati ule bado nilikuwa na nafasi, dada. Ningeweza kusema, mama, huyo mtu ni mimi, nielekeze gari. Ungenisema, ungenicheka mwaka mzima, na ingekwisha. Lakini sasa sikuwa na mikono mitupu tu, nilikuwa na mikono mitupu na uongo juu yake, na nikaona mzigo huo siwezi kuuvusha kizingiti chako. Immakulata akatoa simu akasema nitabasamu awaonyeshe wenzake kwamba amepata mgeni wa nyumbani. Ndiyo maana kwenye ile picha natabasamu. Usidhani nilikuwa na furaha.

Mnunuzi alichukua vanila siku iliyofuata, tena kwa bei ambayo kikundi kimeifurahia, na hapa kijijini wananiita shujaa. Mimi nilipanda basi la kurudi alfajiri yake. Daladala iliyonipeleka kituoni Mbezi ilipita Kimara. Niligeukia upande wa pili wa dirisha.

Usimlaumu Immakulata. Yeye alituma picha kwenye kundi lenu kwa moyo mweupe, akaandika mzee wetu kutoka Ijumbi, hana ndugu Dar, tumkaribishe. Wangapi kwenye kundi walinitambua? Nasikia mmoja aliuliza kama huyo si mtoto wa marehemu Kashaija wa Buganguzi, na wewe hukujibu kitu. Nawaza ulivyokaa na ile simu mkononi, na kile kitanda kimetandikwa chumba cha pili. Nikifika hapo kwenye mawazo huwa nasimama, naenda nje.

Sasa nije kwenye habari za Nancy. Ujumbe wako wa pili ulifika siku ile ile. Ulisema kwamba asiye na ndugu Dar, mtoto wake naye hana shangazi Dar, basi Nancy atafutiwe mwingine wa kumtoa ndani siku ya kuagwa kwenda kuolewa. Aliusoma kimya kimya, akampa mama yake simu, akaingia chumbani. Alipotoka macho yalikuwa yamevimba. Hakuniambia neno baya, dada. Aliniuliza tu, "Baba, kwa nini hukusema tu kwamba zimeliwa?"

Sherehe ya kumuaga ni Januari. Wakwe zetu wa Hamugembe, watu wa akina Mutembei, mchumba wa Nancy, walikuja Jumapili kupanga. Ni watu wa taratibu. Baba yake Mutembei aliuliza shangazi ni nani na anafika lini, ili watu wao wajue wa kumvisha kitenge na wa kumkabidhi maneno. Judica alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu niliporudi. Nikasema shangazi yupo Dar, anaitwa Kokushubila, ndiye aliyemlea. Wakasema vizuri. Nikaona kwamba nimekutaja mbele ya watu bila ruhusa yako, nikaona haya upya, lakini pia, nisamehe, nilisikia raha kulitaja jina lako.

Nancy ameniambia wazi kwamba hatatoka ndani akiwa ameshikwa na mkono wa mtu mwingine. Amesema wewe ndiye uliyemfundisha kusuka, kuogesha mgonjwa, na kuongea na mwanaume bila kuinamisha shingo, na kwamba kama hutakuja ataahirisha. Wakwe hawajui hilo. Unaona nilipomfikisha mtoto kwa ajili ya kopo la senene.

Dada, usimwadhibu yeye. Nakuomba hilo peke yake. Mimi niadhibu unavyotaka. Ukija Januari usinisalimie, kaa na wanawake, upite mbele yangu kama unapita mbele ya mgomba. Nitakaa nyuma huko kwenye masufuria, wala sitasogea karibu. Lakini mshike Nancy mkono.

Judica alikuwa ameshaandaa mzigo mwingine wa kukutumia kwa Mustapha. Mkungu mpya, senene wapya, kahawa, na safari hii asali. Nilimwambia autoe. Tuligombana, akaniuliza kama sijajifunza kitu. Nimejifunza, lakini si kile anachodhani yeye. Nikiutanguliza mkungu mbele, nitajificha nyuma yake, na wewe utaupokea kwa sababu ya mama, na yaliyobaki tutayafunika na majani. Sitaki hivyo.

Kwa hiyo Jumatatu napanda basi kuja Dar. Nimeshakata tiketi. Sina vanila, sina mnunuzi, sina shughuli nyingine huko. Sitabeba kitu, dada. Nakuja na mikono mitupu, kama nilivyoogopa kuja. Kama ukimkuta senene yeyote kwenye begi langu, huyo ni wa Judica, amemficha, mimi simo.

Nitashuka Mbezi, nitapanda gari la Kimara, nitashuka penye duka la dawa. Sitaulizia gesti. Nitabisha hodi. Ukinifungulia nitaingia, usiponifungulia nitakaa pale barazani mchana kutwa ili majirani zako waone, na wakiniuliza mimi ni nani nitawaambia. Kisha nitapita Sinza kwa Immakulata, nimwambie na yeye, maana chakula chake nilikila kwa jina la mtu asiyekuwepo.

Kama kile kitanda umeshakitandua, usikitandike tena kwa ajili yangu. Mkeka unatosha.

Nisalimie Annastella na mama yake, na jirani yako Farida aliyekuwa anamtunzia Nancy chakula akichelewa zamu. Msalimie pia mchungaji wako ingawa hanijui. Judica anakusalimu kwa machozi, Nancy anakusalimu na kusema bado ile kanga yako uliyompa ameitunza kwa siku hiyo. Mungu wa mama yetu akupe magoti mepesi na usingizi mzuri, na moyo ambao mimi sikustahili kuuomba.

Akupendaye na asiyekukana tena,
mdogo wako, mwenye dada Dar es Salaam,

Projestus Kashaija